Somo: Kuendesha kihalali gari lenye namba za nje ukiwa mkazi wa Uingereza

Wengi wetu tunaoishi Uingereza tuna ndugu Ujerumani, Uholanzi na Sweden, na undugu huo husafiri pamoja na magari. Mmoja anahama Rotterdam kuja Leicester na gari lake alilolizoea. Mwingine anakuja harusini kwa barabara, harusi inakwisha, anarudi kwa ndege na kumwachia shemeji yake funguo. Mimi niliachiwa funguo na mpwa wangu. Gari lilikuwa na namba za Ujerumani, nami nililiendesha kwenda kazini siku tisa nikiamini kwamba maadamu kadi ya gari ni halali na bima imelipwa kule lilikotoka, hakuna neno. Askari aliyenisimamisha hakuniuliza gari ni la nani. Aliniuliza ninaishi wapi. Nilipomjibu kwamba naishi hapa miaka mingi, gari lilipandishwa kwenye lori la kubebea magari nikiwa nimesimama kando ya barabara na begi la mtoto mkononi.

Somo hili linahusu England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina taratibu zake katika baadhi ya mambo nitakayoyataja.

Hatua ya kwanza: jitambue kama wewe ni mgeni au mkazi

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo naomba tupaelewe vizuri. Mgeni anayekuja kutembea bila nia ya kuhamia anaruhusiwa kutumia gari lake lenye namba za nje kwa muda usiozidi miezi 6 katika kipindi cha miezi 12, mradi gari limesajiliwa na kulipiwa kodi katika nchi yake. Miezi hiyo inaweza kuwa ya ziara moja au ya ziara kadhaa zinazojumlishwa, na ndiyo maana safari ya wikiendi kwenda Calais na kurudi haianzishi hesabu upya. Askari akikusimamisha, ni juu yako kuonyesha uliingia lini, basi tunza tiketi ya feri au ya treni ya chini ya bahari.

Mkazi hana miezi hiyo sita. Kwa kawaida mtu huhesabiwa mkazi wa mahali anapoishi angalau siku 185 katika mwaka kwa sababu ya kazi na familia yake. Pasipoti aliyonayo si hoja. Mtanzania mwenye pasipoti ya Kijerumani aliyepangisha nyumba Birmingham na kuwaandikisha watoto shule ni mkazi, na gari alilokuja nalo linapaswa kusajiliwa hapa bila kungoja miezi 6 ipite.

Hatua ya pili: maliza mambo ya kodi, tena mapema

Tangu Januari 1, 2021, gari linalotoka Umoja wa Ulaya hutolewa tamko la forodha kama linalotoka kwingineko. Zaidi ya hapo, unatakiwa kuiarifu mamlaka ya mapato, HMRC, kupitia utaratibu unaoitwa NOVA ndani ya siku 14 tangu gari lifike. Ukichelewa unaweza kutozwa paundi 5 kwa kila siku, na bila taarifa hiyo usajili hauwezi kuendelea.

Ushuru wa forodha wa gari la kawaida ni asilimia 10, kisha VAT ya asilimia 20 hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru huo. Tuchukue gari la paundi 6,000, tukiweka kando gharama za kulisafirisha: ushuru ni paundi 600, VAT ni asilimia 20 ya 6,600, yaani 1,320, na jumla unadaiwa paundi 1,920. Gari lililotengenezwa ndani ya Umoja wa Ulaya linaweza kuondolewa ushuru wa forodha likiwa na uthibitisho wa asili yake, lakini VAT inabaki palepale.

Anayehamia anaweza kusamehewa vyote viwili kwa kuomba msamaha wa kuhamisha makazi, ambao fomu yake hujulikana kama ToR1. Masharti yake makubwa ni kwamba uwe umeishi nje ya Uingereza angalau miezi 12 mfululizo, na gari uwe umelimiliki na kulitumia angalau miezi 6 kabla ya kuhama. Omba kabla gari halijaondoka huko liliko. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona familia zikibeba sahani, mazulia na hata majiko kwa mpangilio mzuri, huku fomu hii ikiachwa iandikwe wakishafika.

Hatua ya tatu: lifanye gari lifae barabara za hapa

Gari lililotengenezwa kuendeshwa upande wa kulia lina mambo matatu ya kurekebishwa. Kipimo cha mwendo kionyeshe maili kwa saa. Taa kubwa za mbele ziinamishe mwanga upande wa kushoto, kwa kuwa taa za bara Ulaya huinamia kulia na hapa humulika usoni mwa anayekuja mbele yako. Taa nyekundu ya ukungu ya nyuma iwe katikati au upande wa kulia. Zunguka nyuma ya gari lako usiku uiwashe: magari mengi ya bara yana moja tu, nayo iko kushoto.

Gari lenye umri chini ya miaka 10 huhitaji pia idhini ya ubora inayothibitisha marekebisho hayo. Lililozidi miaka 10 kwa kawaida halidaiwi idhini hiyo, ingawa taa zake bado zitaangaliwa kwenye ukaguzi.

Hatua ya nne: bima na ukaguzi

Gari lililozidi miaka 3 lazima lipite ukaguzi wa MOT, yaani ule wa usalama wa gari. Kwa kuwa halijapata namba za hapa, bima na MOT huandikwa kwa namba ya chasisi. Kabla ya usajili usiliendeshe, isipokuwa kwenda moja kwa moja kwenye ukaguzi uliokwisha kuupangia miadi, tena likiwa na bima.

Hatua ya tano: usajili

Jaza fomu V55/5 ya gari lililotumika na uitume DVLA, mamlaka ya usajili wa magari na leseni za udereva, iliyoko Swansea, pamoja na kadi halisi ya gari ya nchi lilikotoka, vyeti ulivyopata katika hatua zilizotangulia, uthibitisho wa jina na anwani, ada ya usajili ya paundi 55 na kodi ya barabara. Toa nakala ya kila karatasi kabla ya kufunga bahasha. Kadi mpya huweza kuchukua hadi wiki 6. Namba zikishatoka, vibao hutengenezwa kwa fundi aliyesajiliwa.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu anakuja kutoka Munich kwa wiki tatu na gari lake. Je, naweza kumsaidia kuendesha?

Marahaba. Mwache aendeshe mwenyewe. Nafasi ya miezi 6 anaipata yeye kwa kuwa ni mgeni, na bima yake huenda isikutambue wewe kabisa. Kuendesha bila bima hapa ni faini ya paundi 300 na pointi 6 kwenye leseni, na gari linaweza kuchukuliwa.

Nina leseni ya Kenya, na nimeambiwa naweza kuitumia mwaka mzima. Je, gari nalo lina mwaka mzima?

Hapana, ndugu yangu, hayo ni mambo mawili tofauti. Leseni ya Kenya au Tanzania hutumika miezi 12 tangu uwe mkazi. Baada ya hapo haibadilishwi kwa leseni ya hapa, bali unaomba ya kujifunzia na kufanya mitihani yote miwili. Gari halipewi muda huo.

Gari la mgeni wangu ni la petroli na linakidhi viwango vya moshi vya London. Kwa nini tutozwe?

Gari lililosajiliwa nje ya Uingereza haliko katika kumbukumbu za DVLA, hivyo kamera haiwezi kujua kwamba linakidhi. Aliandikishe mapema kwa mamlaka ya usafiri ya London, akiambatisha kadi ya gari. Asipofanya hivyo anaweza kudaiwa paundi 12.50 kwa kila siku anayoendesha katika eneo la ULEZ, yaani sehemu ya London inayotoza magari yasiyokidhi viwango hivyo vya moshi.

Nilisamehewa kodi kwa ToR1 miezi minne iliyopita. Dada yangu anataka kulinunua gari hilo. Nimuuzie?

Subiri. Kwa miezi 12 baada ya msamaha hupaswi kuliuza, kulikodisha wala kuliazimisha bila kuwasiliana kwanza na HMRC, maana kodi uliyosamehewa inaweza kudaiwa. Kama dada ana haraka, waandikie ujue kiasi utakachotakiwa kulipa, kisha mpatane bei mkiwa na takwimu hiyo mkononi.