Jinsi ya Kupima Hatia ya Lady Macbeth katika Mauaji ya Mfalme Duncan

Mwanafunzi anapotakiwa kueleza ni kwa kiasi gani Lady Macbeth anawajibika kwa kifo cha Mfalme Duncan katika Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, mara nyingi hukimbilia kusema kwamba mke ndiye aliyemponza mumewe, kisha akajaza kurasa za kumlaani. Insha ya namna hiyo haipimi chochote. Tenganisha kwanza maswali matatu: nani aliyewaza kuua, nani aliyeshawishi, na nani aliyetenda.

Kuhusu wazo, usianzie kwenye barua ya mumewe anayoisoma Lady Macbeth katika sehemu ya 1, onyesho la 5. Rudi hadi onyesho la 3, ambapo wachawi wanamtabiria mumewe Macbeth, jemadari wa Duncan, ufalme bila kutaja kuua, naye papo hapo anawaza mauaji hadi nywele zinamsimama. Onyesho linalofuata, Duncan anapomtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi, Macbeth anazisihi nyota zifiche mwanga wake zisije zikaona tamaa zake. Hadi hapo mkewe hajatamka neno.

Onyesho la 7 ndilo linalostahili aya ndefu kuliko zote. Macbeth amekwisha kujikumbusha kwamba yeye ni jamaa, raia na mwenyeji wa mfalme, na anatamka waziwazi kwamba shauri hilo liishie hapo. Onyesha jinsi mkewe anavyombana hatua kwa hatua: anautilia shaka upendo wake, anamwita mwoga, anadai kwamba alikuwa mwanamume pale tu alipothubutu, kisha anaapa kwamba angemuua mtoto anayenyonya kuliko kuvunja kiapo kama hicho. Wengi huishia kwenye kiapo hicho kwa sababu kinatisha, lakini ushahidi mzito zaidi ni jibu la Macbeth, anayeuliza itakuwaje wakishindwa. Swali hilo linadhihirisha kwamba haulizi tena kama jambo ni halali, bali kama litafaulu, na mkewe anamjibu kwa mpango kamili wa kuwalevya walinzi na kuwasingizia. Usisahau pia kwamba anamkumbusha mumewe kuwa ndiye aliyelileta shauri hilo kwanza. Kauli hiyo inampunguzia mke mzigo wa wazo, ingawa haimpunguzii hata chembe mzigo wa ushawishi.

Utendaji hauhitaji maelezo mengi: Lady Macbeth anatia dawa katika vinywaji vya walinzi, anayaweka majambia tayari, na mumewe akishamuua Duncan, anayarudisha na kuwapaka walinzi damu. Kwa maoni yangu, hukumu inayoweza kutetewa ni kwamba yeye ni mchochezi na mshiriki kamili, bali si chanzo cha dhamira. Iandike hukumu yako katika aya ya kwanza, usimfiche msomaji hadi mwisho.

Jihadhari usimbebeshe Lady Macbeth makosa yaliyofuata. Macbeth anawaua walinzi kwa uamuzi wake mwenyewe, shauri la kumuua jemadari mwenzake Banquo anamficha mkewe makusudi, na mauaji ya familia ya mkuu Macduff anayaamuru bila kumshirikisha. Onyesho la Lady Macbeth kutembea usingizini, katika sehemu ya 5, litumie kuthibitisha majuto peke yake, kwa kuwa aliyeshiriki kuua hawi nje ya kosa kwa sababu baadaye alikosa usingizi.