Moodle ikikataa faili kubwa, kagua milango mitatu

Mwalimu akikupigia simu kutoka Kondele kwamba PDF yake ya megabaiti 20 imegoma kupakiwa kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, usikimbilie kulaumu intaneti. Kikomo unachoweka ndani ya Moodle hakiwezi kupita kile cha PHP, lugha inayoendesha Moodle, na PHP isipoguswa huruhusu 2M (megabaiti 2) tu kwenye upload_max_filesize, yaani ukubwa wa faili moja, na 8M kwenye post_max_size, yaani ukubwa wa ombi zima linalotumwa. Pandisha zote mbili, ya pili iizidi ya kwanza kidogo. Kwa wanaotumia Nginx, programu ya seva ya wavuti, kuna mlango wa tatu, client_max_body_size, ambao mwanzoni ni 1M. Huo ndio unaotoa kosa la 413, yaani kilichotumwa ni kikubwa mno.

Sasa mtego ulionilia jioni nzima hapa Kisumu: kwenye Ubuntu, php.ini, faili yenye mipangilio hiyo ya PHP, si moja. Nilikuwa nahariri ile ya folda ya cli, ambayo ni ya amri za terminali, kumbe tovuti inasoma ya fpm, ya PHP-FPM, huduma inayoendesha PHP ya tovuti. Nikawasha upya mara sijui ngapi, wapi! Ingia kwenye usimamizi wa tovuti, sehemu ya seva, ufungue taarifa za PHP. Njia ya faili inayosomwa imeandikwa pale juu. Hariri hiyo, kisha uwashe upya PHP-FPM, si Nginx peke yake.