Kupima ugonjwa wa siliaki ukiwa Mtwara
Siliaki ni ugonjwa ambapo gluteni, protini iliyo katika ngano, huchochea kinga ya mwili kudhuru utumbo mwembamba. Ukishuku kuwa ngano inakudhuru, kwa kuwa unaharisha mara kwa mara na damu haiongezeki hata ukimeza vidonge vya madini ya chuma, usikimbilie kuacha chapati kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo hupungua mtu asipokula gluteni ya ngano, shayiri au nafaka ya rai. Kwa hiyo aliyezoea ugali wa muhogo na wali, kama wengi wetu huku Kusini, anaweza kuambiwa ni mzima ilhali anaumwa. Kula ngano katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa angalau wiki 6: maandazi asubuhi, chapati jioni.

Ukifika Hospitali ya Ligula, daktari huenda akaanza na kupima choo, na ni busara, kwani giadia, kimelea cha utumbo, huleta dalili zinazofanana. Kisha omba tTG-IgA, yaani kipimo cha damu cha kingamwili hizo, pamoja na kipimo cha jumla cha IgA, aina ya kingamwili, maana mwenye upungufu wa IgA hupata jibu la kupotosha. Kipimo kisipopatikana, uliza kama sampuli yaweza kupelekwa Dar es Salaam. Jibu likiashiria ugonjwa, mtu mzima kwa kawaida hufanyiwa endoskopia, yaani mrija wenye kamera hupitishwa mdomoni hadi utumboni, ambapo vinyama vidogo vya utumbo mwembamba hutolewa na kuchunguzwa, na hadi siku hiyo ngano huendelea kuliwa.