Kabla ya mimba na mtoto: mwili uanze mapema, pesa iwahi wiki ya 34

Kipimo kinapoonyesha mistari miwili, kuna jambo ambalo tayari liko ukingoni. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hutokana na mfereji mdogo unaojifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, yaani wiki mbili hivi baada ya hedhi kutoonekana. Wakati huo wengi bado wanadhani ni malaria au uchovu wa kazi. Mfereji usipofunga vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa kinachojaa maji. Kinga inayojulikana ni foliki asidi, na inatakiwa iwe mwilini kabla ya mimba, si baada ya kufungua kadi ya kliniki.

Dozi ya kawaida ni mikrogramu 400, sawa na miligramu 0.4, kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kuacha uzazi wa mpango hadi wiki ya 12 ya mimba. Miezi mitatu kabla ni bora zaidi. Soma pakiti, maana madukani pia kuna vidonge vya miligramu 5, dozi kubwa zaidi ya mara kumi. Hivyo huandikiwa aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, na wengine wachache kama wenye kisukari au wanaotumia dawa za kifafa. Dozi hiyo kubwa pia hupunguza nguvu ya SP, dawa ya kuzuia malaria utakayopewa kliniki. Unga wa ngano wa viwandani Tanzania huongezwa foliki asidi kisheria, lakini dona ya mashine ya mtaani haina nyongeza hiyo, na nyumba nyingi hula ugali kuliko mkate. Mboga za majani, maharage na choroko vinasaidia ila havitoshi kuwa badala ya kidonge.

Aliyekuwa akichoma sindano ya miezi mitatu aweke hesabu nyingine. Uwezo wa kushika mimba hurudi taratibu, kwa wastani miezi kama kumi tangu sindano ya mwisho, na wengine husubiri zaidi ya mwaka. Haimaanishi kizazi kimeharibika. Kijiti, kitanzi na vidonge havina ucheleweshaji huo. Kama kuna mtoto mdogo nyumbani, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kubeba mimba nyingine, na miezi 6 baada ya mimba kuharibika.

Nendeni wote wawili kupima kabla. Kwa mwanamke: wingi wa damu, kundi la damu pamoja na Rh (alama ya chanya au hasi ya kundi hilo), kaswende, homa ya ini B, presha na sukari. VVU mpime pamoja, na selimundu vilevile. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, na mtu mwenye chembe moja tu ya kurithi haumwi, hivyo hajui. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne kuzaa mtoto mgonjwa. Ni heri kuyajua hayo mkiwa bado mnapanga.

Wingi wa damu (hemoglobini) nje ya mimba usiwe chini ya gramu 12 kwa desilita. Ndani ya mimba, chini ya 11 ni upungufu. Anayeanza na 10 ataingia leba akiwa hana akiba, na kutokwa damu ambako mwingine angekustahimili kwake ni dharura. Kuongeza damu huchukua miezi, si wiki ya mwisho kwa kunywa rozela. Vidonge vya madini chuma vimezwe mbali na chai, angalau saa moja kabla au baada, kwa sababu chai hushika chuma tumboni. Chungwa au limao husaidia kinyonywe. Choo kitakuwa cheusi na huenda kikawa kigumu. Hilo ndilo huwafanya wengi waviache kabatini. Vimeze usiku baada ya chakula na ongeza maji. Hamu ya kula udongo nayo mara nyingi ni dalili ya damu pungufu, na udongo wenyewe huleta minyoo inayoimaliza zaidi.

Ukiwa na Rh hasi na mwenzako chanya, hilo ni suala la mwili na la mfuko pia. Utahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto, karibu na wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye Rh chanya. Ni ghali, na si kila duka la dawa linayo. Wengi huambiwa wakiwa tayari wodini, ndugu wanaanza kuzunguka mji saa nane usiku. Ulizia bei na inakopatikana mapema, na uweke fungu lake.

Dawa za kudumu zipelekwe kwa daktari kabla. Valproeti ya kifafa, warfarini, na dawa za presha kama enalaprili, kaptoprili na losartani zinaweza kumdhuru mtoto. Usiache mwenyewe, maana presha au degedege lisilodhibitiwa ni hatari kwako na kwa mtoto; daktari atakubadilishia nyingine. Za mitishamba ni vilevile, hata zile anazosifia bibi.

Sasa pesa. Kosa la kwanza ni kuhesabu hadi siku ya matazamio. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi mitatu: hedhi ya 10 Machi huleta 17 Desemba. Hiyo ni tarehe ya mtoto mwenye adabu. Karibu mtoto mmoja kati ya kumi duniani huzaliwa kabla ya wiki 37, na kifafa cha mimba au mtoto kutanguliza makalio hakingoji mshahara wa Desemba. Kwa hiyo pesa yote iwe mkononi wiki ya 34, ambayo kwa mfano huu ni mwanzoni mwa Novemba. Mwenye upatu au kikoba aombe zamu yake iangukie mwezi wa saba wa mimba. Zamu ya mwezi wa tisa ni mtego.

Gawa lengo kwa miezi halisi. Tuseme mmeona mnahitaji 1,200,000. Mkianza siku ya kipimo, mwezi wa pili wa mimba, mna kama miezi sita hadi wiki ya 34: 200,000 kila mwezi. Mkianza miezi sita kabla ya kutafuta mimba, ni chini ya 100,000. Ndiyo sababu foliki asidi na akiba vianze siku moja.

Lengo hilo linatoka wapi? Si kwenye nguo za mtoto, ingawa huko ndiko pesa nyingi huishia. Fungu kubwa ni kipato kitakachosimama. Mwajiriwa ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: likizo ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na kwa kawaida anaweza kuianza wiki nne kabla ya matazamio. Anatakiwa kumwarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla, akiambatisha cheti cha daktari. Andika barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akirudi kazini, ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mwanachama wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) aangalie michango yake: fao la uzazi hutaka miezi 36 ya michango, 12 kati yake ikiwa ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Mwajiri asiyepeleka michango hugundulika wakati huu, na kumfuatilia huchukua muda.

Mama lishe, fundi cherehani na msusi hawana likizo ila waliyojiwekea. Anayeingiza nyumbani 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa wiki 12 anahitaji 720,000. Namba hii huwashtua watu. Wasiposhtuka mapema, mtaji ndio huliwa, na mama hurudi sokoni wiki ya tatu kidonda hakijapona na maziwa yakianza kupungua.

Fungu la pili ni kujifungua kwenyewe. Sera ni kwamba huduma za mjamzito katika vituo vya serikali ni bure, lakini dirisha la dawa likiwa tupu utaandikiwa ukanunue. Kwa vituo binafsi, uliza bei mbili: ya kawaida na ya upasuaji, na kama dawa, damu na siku za wodini zimo. Bajeti yako ifuate ya upasuaji. Bima nazo nyingi huweka muda wa kusubiri kabla ya kulipia uzazi, mara nyingi miezi kadhaa, na ukikata ukiwa tayari mjamzito hautafaidika. Jibu la bima lichukuliwe kwa maandishi.

Kituo chenyewe kichaguliwe kwa maswali mawili: wanafanya upasuaji usiku? Wana damu? Zahanati kwa kawaida haina hivyo. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye pacha, aliyetokwa damu nyingi uzazi uliopita, mwenye mimba ya tano na kuendelea, au mfupi chini ya sentimita 150, apange hospitali tangu mwanzo. Anayeishi mbali ahamie kwa ndugu wa karibu na hospitali kuanzia wiki ya 37, na nauli na chakula cha huko vihesabiwe. Pangeni watu wawili watakaokubali kutoa damu. Usafiri uwe na jina na namba ya dereva, si "tutapata tu bodaboda". Namba ya dharura ya M-Mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, ni 115 na haina malipo. Mume na jirani nao wawe nayo kwenye simu.

Kliniki ya kwanza iwe kabla ya wiki 12, na kwa jumla mahudhurio nane. SP huanza kipindi cha pili cha mimba, yaani baada ya miezi mitatu ya kwanza, vidonge vitatu kwa mkupuo mbele ya mhudumu, kisha kila baada ya mwezi; anayetumia septrini kwa ajili ya VVU hapewi. Chandarua chenye dawa chukua na ulale ndani yake siku hiyohiyo, usikihifadhi kwa ajili ya mtoto.

Mfuko wa kujifungulia uwe mlangoni wiki ya 34: khanga sita zilizofuliwa, kukaushwa juani na kupigwa pasi, mpira wa kuzalia mita mbili, glovu jozi kadhaa, pamba gramu 500, kibanio cha kitovu, nyembe mpya, pedi kubwa, beseni, chupa ya chai, kofia na soksi za mtoto, kadi ya kliniki na ya bima. Kila kituo kina orodha yake, kwa hiyo iombe hudhurio la tatu au la nne, si siku ya uchungu.

Vitu vya mtoto vinunuliwe kwa mkono mzito. Mchanga hubadilishwa nepi kama mara nane kwa siku: pampasi 240 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya dukani kwenu, halafu ulinganishe na nepi za kitambaa 24 zinazofuliwa kila baada ya siku mbili. Wengi huishia kutumia pampasi usiku na safarini tu. Nguo za saizi ya kwanza zisizidi sita, kwa sababu kwa wengi huwa zimebana ndani ya miezi miwili. Chupa na maziwa ya kopo havihitajiki kwa mama anayeweza kunyonyesha. Miezi sita ya kwanza ni titi tu, hata maji hapana. Pauda achana nayo, mtoto huivuta kifuani. Kitovu hakipakwi majivu, samli wala mate. Kikae kikavu hadi kidondoke.

Mkubaliane pia nani atakuja kukaa nanyi hadi arobaini, na nauli yake nani anatoa. Mwambieni mapema kwamba kukandwa kwa maji ya moto sana huunguza, na kwa aliyepasuliwa au kushonwa hakufai. Hudhurio za baada ya kujifungua ni ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Wekeni nauli ya zote nne kwenye bahasha pamoja na tangazo la kizazi. Hicho ndicho kikaratasi cha kuombea cheti cha kuzaliwa, na kikipotea mlolongo huwa mrefu.