Kabla ya Kwenda Nyali na Bamburi, Uliza Mwezi Ni Ngapi

Mtu akisema anaenda Mombasa kuogelea, muulize kwanza upande gani. Nyali, Bamburi na Shanzu ziko kaskazini ya kisiwa, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Diani iko kusini, na wengi hufika huko kwa feri ya Likoni. Ukilipia chumba Diani na watoto wanataka bustani ya wanyama ya Haller Park na mitelezo ya maji ya Wild Waters, zilizo upande wa kaskazini, siku zako zote zitaishia kwenye foleni. Wanaokuja kwa treni ya SGR wajue pia kuwa kituo kiko Miritini, si Nyali. Weka nauli ya kufikia hotelini, na usipange jambo lolote saa moja baada ya treni kuingia.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani, ni marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Tangu Juni 2020 hata chupa za maji za kutupa haziruhusiwi ufukweni wala misituni, kwa hivyo beba chupa yako ya kujaza. Ukitaka kwenda kuona matumbawe katika hifadhi ya bahari, ada ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hailipwi kwa noti mkononi. Lipa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kabla ya kupanda mashua, na anayekwambia "nipe mimi nitakulipia" akuonyeshe risiti.

Sasa maji. Hapa ndipo wageni wa bara wanapoumia, kwa sababu wanapanga safari kwa tarehe ya likizo, wala hawajui bahari itakuwa wapi siku hiyo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku moja mbili baadaye, ni bamvua: maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa saa kumi na kitu jioni, tofauti ikipita mita 3. Siku za maji mafu, yaani siku ya 7 au 8 na ya 22 au 23 tangu mwezi uandame, mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yako juu, tena yametulia. Wa kuogelea asubuhi na watoto aje maji mafu. Wa kutembea juu ya mwamba au kutazama samaki aje bamvua.

Lakini huko mwambani kuna mtego, na kila bamvua hunasa watu. Wanatoka saa nne, maji yako kwenye vifundo vya miguu, wanafika kwenye fungu la mchanga mbali na ufuo, wanapiga picha. Maji yanageuka, na saa ya kwanza hakuna anayeona tofauti, maana hupanda polepole. Saa ya tatu na ya nne ndizo mbaya: kwa saa hizo mbili tu hupanda karibu mita moja na nusu. Na hayaji kutoka mbele walikoelekeza macho. Kati ya fungu na ufuo kuna mkondo ulio chini kuliko fungu lenyewe, na huo ndio unaojaa mwanzo. Ikifika saa saba fungu bado kavu, wao wanacheka, kumbe nyuma yao maji ni ya kifua na yanatembea. Hapo ndipo utawaona simu juu ya kichwa, mtoto mabegani, kandambili zimeshachukuliwa, na mguu unakanyaga vile viumbe vya miiba mirefu myeusi vinavyokaa kwenye mashimo ya mwamba.

Kwa hivyo toka saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, na yakifika mwisho wa kupwa wewe uwe umeshageuka. Saa ya maji kupwa muulize mvuvi, usimuulize mhudumu wa baa. Vaa viatu vya mpira vinavyofungwa. Mwiba ukiingia usichimbe kwa sindano, utakatikia ndani. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kustahimili. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Ukiingia kwenye kiungo, nenda hospitali.

Pale Pirates, ufuo wa umma wa Bamburi, wanakodisha tyubu za matairi. Patana bei kwanza, na maji yakianza kupwa mtoe mtoto, kwa sababu mkondo huvuta kuelekea mlango wa mwamba na tyubu haina breki. Desemba ufuo hufurika watu. Mwandikie mtoto nambari yako ya simu mkononi kwa kalamu isiyofutika upesi.

Haller Park ni ya saa ambazo bahari haikufai. Twiga kwa kawaida hulishwa saa tano asubuhi na saa tisa mchana, viboko saa kumi. Fika nusu saa mapema. Njia za kutembea za Forest Trails zina lango lake, mbele ukielekea Mtwapa, na watu huzichanganya kila siku wakalipa boda mara mbili. Haller Park na Forest Trails zote zilikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji, mivinje ikaanza kupandwa 1971, na leo kivuli kipo. Mbu pia wapo kuanzia saa kumi na moja, hivyo vaa mikono mirefu.

Wild Waters nenda na nguo za kuogelea hasa: jinzi zenye vifungo na zipu hukwaruza mitelezo, na utarudishwa. Pima urefu wa watoto nyumbani, usije ukamwahidi mtoto mtelezo asioruhusiwa. Saa usivae. Vito pia. Funguo za chumba ziache mapokezi, pesa zigawe mifuko miwili, ukitoka ufukweni jifunge leso, na jua likizama ondoka ufuo wa wazi pamoja na wenzako.