Somo: Namna ya Kuchagua Kadi ya Michoro kwa Kompyuta ya Gemu

Wengi wanaotaka kadi ya michoro huanza na kadi yenyewe: wanasikia jina, wanatazama video mbili tatu za majaribio, wanalipa, na ndipo wanapofungua kasha la kompyuta na kukuta kwamba waya wa umeme unaohitajika haupo. Somo hili linakwenda kinyume chake. Tutaanza na kioo, tupite kwenye prosesa, umeme na kasha, na kadi tutaifikia baadaye, kwa kuwa vitu hivyo vinne ndivyo vinavyoamua ni kadi gani inayokufaa.

Hatua ya 1: Kioo

Kazi ya kadi ni kuchora pikseli, basi anza kwa kuzihesabu. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli zipatazo milioni 2.07, cha 2560 kwa 1440 kina milioni 3.69, na kile cha 3840 kwa 2160, ambacho watu hukiita 4K, kina milioni 8.29, yaani mara nne ya cha kwanza. Kisha tazama kasi yake, yaani hubadilisha picha mara ngapi kwa sekunde (Hz). Kioo cha 60 Hz huipa kadi takriban milisekunde 16.7 za kumaliza kila fremu (picha moja kati ya zile zinazofuatana kwa kasi), ilhali cha 144 Hz huipa chini ya milisekunde 7. Mwenye kioo cha 1080 cha 60 Hz akinunua kadi ya daraja la juu kabisa, sehemu kubwa ya nguvu aliyoilipia hataiona. Huyo ningemshauri achukue kadi ya kati, na fedha inayobaki abadilishie kioo.

Hatua ya 2: Prosesa

Kabla fremu haijachorwa, prosesa hukokotoa adui amesimama wapi, risasi imeelekea wapi na mlango upi umefunguka. Ikiwa prosesa yako inaweza kuandaa fremu 70 tu kwa sekunde, hakuna kadi itakayokupa 120. Jaribio lake ni rahisi: fungua gemu unayoicheza sana, zima kikomo cha fremu, andika idadi unayoipata, halafu shusha ukubwa wa picha hadi 1280 kwa 720. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa ikikuchelewesha. Zikibaki palepale, hifadhi fedha yako, kwa sababu kadi mpya haitakusaidia.

Hatua ya 3: Umeme

Hapa ndipo watu huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo. Tundu la PCI Express, ambamo kadi huchomekwa kwenye ubao mama, hutoa wati 75, basi. Zinazozidi hapo hupitia nyaya zitokazo kwenye pawa saplai (kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme): kiunganishi cha pini 6 huongeza wati 75, na cha pini 8 huongeza 150. Ndiyo maana baadhi ya kadi za GTX 1650 (GTX na RTX ni majina ya kadi za NVIDIA), zenye kiwango cha wati 75, hazihitaji waya wowote, ilhali RTX 4060 hutumia wati 115, RTX 3060 wati 170, na RTX 4090 hufika wati 450.

Usiridhike na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa pawa saplai. Geuza kisanduku utafute jedwali dogo kwenye lebo, kisha usome safu ya +12V, maana kadi na prosesa hulishwa hasa na njia hiyo. Ukikuta ampea 30, zidisha kwa 12, utapata wati 360, hata kama nje pameandikwa 500 kwa herufi za kung'aa. Kumbuka pia kwamba kadi hailambi umeme kwa utulivu. Huruka juu ghafla kwa muda mfupi mno, na pawa saplai dhaifu hujizima papo hapo. Dalili yake ni kompyuta kuzimika katikati ya gemu bila onyo wala ujumbe wowote, kisha kuwaka vizuri kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jambo moja nalikataza kabisa: kile kiunganishi cha kugeuza waya wa diski wa SATA kuwa pini 8 za kadi. Plagi ya SATA imeundwa kupitisha takriban wati 54 kwenye volti 12. Ukiibebesha 150, plastiki yake inaweza kuyeyuka.

Hatua ya 4: Kasha

Pima urefu, unene na nafasi ya waya unaochomekwa ubavuni. Mimi nilipima urefu wa kasha nikasahau trei ya diski iliyokuwa mbele; kadi ikagoma kuingia kwa upana wa kidole, na jioni nzima nikaimalizia kwa msumeno wa chuma.

Hatua ya 5: Kadi yenyewe

Majina ya kadi hudanganya. GT 1030 iliuzwa kwa aina mbili zenye jina moja: yenye kumbukumbu ya aina ya GDDR5 husafirisha data ya gigabaiti 48 kwa sekunde, na yenye DDR4 haifiki hata 17. RTX 3060 ya gigabaiti 12 ina njia ya kumbukumbu ya biti 192, lakini ile ya gigabaiti 8 ina biti 128, hivyo kasi yake imeshuka kutoka gigabaiti 360 kwa sekunde hadi 240. GTX 1060 ya gigabaiti 3 ilipunguzwa hata viini vya kukokotolea, kutoka 1280 hadi 1152, ingawa mnunuzi angedhani tofauti ni kumbukumbu pekee. Kwa hiyo soma mambo matatu pamoja na jina: ukubwa wa kumbukumbu, aina yake na upana wa njia yake.

Kwa gemu mpya, naona gigabaiti 8 ni kiwango cha chini kwa kioo cha 1080, na 12 au zaidi kwa 1440. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, kadi huazima RAM ya kompyuta kupitia tundu la PCI Express, na njia hiyo ni nyembamba mno kulinganisha na yake. Matokeo yake gemu hukwama kidogo kila unapogeuka. Wastani wa fremu unaweza kuonekana mzuri wakati huo huo, na ndiyo sababu katika majaribio napenda kutazama zile asilimia 1 za fremu za chini, yaani zilizochelewa kuliko zote.

Kuhusu kampuni, sina ushabiki. DLSS ya NVIDIA, teknolojia ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza ili fremu ziongezeke, inahitaji kadi za RTX. Matoleo ya awali ya FSR ya AMD, yenye kazi kama hiyo, hukubali kadi za kampuni nyingine pia. Na kadi za Intel Arc hupoteza nguvu nyingi kwenye ubao mama usiokuwa na Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mkupuo), kwa hiyo mwenye kompyuta ya zamani aziepuke.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, ubao mama wangu ni PCI Express 3.0. Kadi ya 4.0 itakubali?

Jibu: Itakubali, kwa kasi ya 3.0, na kwa kadi nyingi hutaona tofauti kubwa. Iangalie RX 6500 XT: inatumia njia 4 tu za PCI Express na ina gigabaiti 4 za kumbukumbu, kwa hiyo kwenye 3.0 huteseka.

Swali: Nimepata kadi ya mtumba iliyochimbia sarafu za mtandaoni. Niikimbie?

Jibu: Si lazima, ndugu. Omba uiendeshe kwa gemu nzito nusu saa mbele ya muuzaji, usikilize feni na utazame joto. Kisha fungua GPU-Z, programu inayoonyesha taarifa za kadi; kadi iliyobandikwa jina la uongo mara nyingi programu hiyo huitangulizia neno FAKE.

Swali: Mkuu, hapo kwenye gigabaiti 8 sikubaliani nawe. Mimi nina 6 na sijawahi kukwama.

Jibu: Nakuamini, maana inategemea unacheza nini. Gemu za mashindano nyingi ni nyepesi. Ukishusha ubora wa sura za vitu (textures), 6 bado hutosha. Mimi nilimlenga anayenunua leo akitaka kukaa na kadi miaka kadhaa.

Swali: Nimefunga RTX 3060, lakini gemu zinakwenda vilevile kama kabla ya kuifunga. Fremu 20 na kitu.

Jibu: Tazama nyuma ya kompyuta. Waya wa kioo umechomekwa wapi?

Swali: Juu, karibu na matundu ya USB.

Jibu: Hilo ni tundu la ubao mama, kwa hiyo bado unatumia michoro ya prosesa. Uhamishie chini, kwenye kadi.

Swali: Ahsante sana mkuu, nimeuhamisha na gemu zinapaa. Ila kioo changu ni cha 144 Hz, na fremu hazivuki 60.

Jibu: Fungua mipangilio ya kioo kwenye Windows, ingia sehemu ya juu zaidi, uchague 144 badala ya 60. Isipoonekana kwenye orodha, badilisha waya wa HDMI wa zamani uweke DisplayPort.