Siku ya kwanza kwenye mbio za breketi, na gari lako la kila siku

Gari langu ni Toyota IST. Asubuhi linanipeleka Sinza kwenye cherehani zangu, mchana linabeba majora ya vitenge kutoka Kariakoo. Shemeji aliponishauri niliingize kwenye mbio za dragi, zile za magari mawili kukimbizana kwenye njia iliyonyooka, nilimuuliza, "Shemeji, hili litashindana na nani?" Akanijibu, "Na namba utakayoiandika wewe mwenyewe." Jibu lake nililielewa siku yenyewe, mbio zikiwa zimeanza. Nataka wewe ufike ukiwa umeshalielewa.

Kwenye dragi za aina ya breketi, kabla ya kushindana unaandika kwenye kioo sekunde ambazo gari lako litatumia kumaliza njia. Njia kamili ni robo maili, mita 402. Sisi tulikimbia nusu yake, mita 201. Mimi niliandika 12.50, na kijana wa Subaru niliyepangiwa naye akaandika 9.20. Kwa hiyo nikatangulizwa kwa tofauti ile, sekunde 3.30. Kila mmoja akiondoka vizuri na kutimiza namba yake, mnafika pamoja, IST na Subaru. Na usidhani utaandika sekunde nyingi ili utangulizwe zaidi: ukimaliza kwa muda mfupi kuliko ulioandika umeshindwa, hata kama umefika wa kwanza. Wote wawili mkimaliza kwa muda mfupi kuliko namba zenu, anashinda aliyepungukiwa na yake kidogo kuliko mwenzake.

Ndiyo maana gari la kutembelea linafaa kabisa. Kinachotakiwa ni gari lisilobadilika badilika.

Usiku wa kuamkia siku hiyo toa kila kitu kinachocheza ndani: jeki, spea tairi, chupa za maji, viatu, na lile zulia la chini ya miguu ya dereva, kwa sababu linaweza kuteleza likakaa juu ya breki. Hakikisha betri imefungwa imara na hakuna oili wala maji yanayovuja. Pitia sheli, jaza upepo, andika umejaza kiasi gani. Mafuta yasiwe tangi zima, ila siku nzima uyaweke kwenye kiwango kilekile, maana uzito ukibadilika na sekunde zinabadilika. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu, na uwe na helmeti inayokubana vizuri. Wakaguzi watafungua boneti, watavuta mkanda, watatazama tairi. Tairi la kipara halipiti, na wala usiwabembeleze.

Tulikimbilia kwenye kiwanja cha mtu binafsi nje ya mji, chenye lami iliyonyooka inayoendelea mbali baada ya mstari wa kumalizia, na gari la wagonjwa lilikuwa pembeni. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu najua vijana wanaopiga ligi usiku Barabara ya Bagamoyo ikiwa tupu. Marekani nako walianzia barabarani hivyohivyo. Mwaka 1951 Wally Parks alianzisha NHRA, chama cha mbio za dragi, ili mbio zihamie mahali penye utaratibu. Wanangu wanavuka ile barabara. Kama hakuna kiwanja, subiri kipatikane.

Sasa taa. Ule mlingoti wa taa kwenye mstari wa kuanzia wanauita mti wa Krismasi. Juu kuna taa mbili ndogo. Ya kwanza ikiwaka, umekaribia mstari. Ya pili ikiwaka, tairi la mbele limekata mwanga unaopita chini na umeshafika. Simama hapohapo. Kisha zinashuka njano tatu, kila moja nusu sekunde baada ya mwenzake, halafu kijani. Ukiondoka mapema inawaka nyekundu na mbio zimekwisha kwako.

Wanaoanza wengi husubiri kijani. Usiisubiri. Jicho linachelewa, mguu unachelewa, na gari nalo linachukua muda kusogea. Ondoka unapoiona njano ya mwisho ikiwaka. Mara ya kwanza nilisubiri kijani na karatasi yangu ikaonyesha nimechelewa sekunde 0.614 baada ya kijani. Iliyofuata nikaondoka kwa njano: 0.187.

Hiyo karatasi unapewa kila ukimaliza, isome kwa makini. Muda wa kuchelewa unahesabiwa peke yake. Sekunde za njia zinaanza pale tairi linapouachia ule mwanga, si pale kijani kinapowaka. Ukisinzia kwenye taa, sekunde zako za njia hazibadiliki, lakini mwenzako ameshakwenda.

Tumia mizunguko ya mazoezi kutafuta namba, na kila mara fanya vilevile. Zima AC, kwa sababu inakula nguvu na inadondosha maji kwenye njia. Kama kuna dimbwi la kulowesha tairi za mbio, lizunguke, tairi zako za kawaida zitabeba maji mpaka kwenye mstari. Weka D, kanyaga mafuta mpaka chini, usiachie hadi umalize. Nilipata 12.48 saa tatu asubuhi, 12.52 saa nne, na 12.61 jua lilipokuwa la utosi. Joto la Dar linaipa injini hewa nyepesi, inachoka. Adhuhuri ongeza namba kidogo. Upepo wa bahari ukianza kukupiga usoni, ongeza tena.

Yule kijana wa Subaru alinipita mita chache kabla ya mwisho. Watu walimshangilia yeye. Lakini karatasi yake ilisoma 9.11, namba yake 9.20. Mimi 12.54, namba yangu 12.50. Akaja dirishani akasema, "Dada, hongera, nimejimaliza mwenyewe." Nilitetemeka mikono kwa furaha.

Mzunguko wa pili niliupoteza kabla ya kuondoka. Gari la otomatiki likiwa kwenye D linataka kutambaa, na mimi nilikuwa nimelegeza breki kidogo nikitazama njano. Ile taa ndogo ya kwanza ikazimika. Hiyo ndiyo dalili kwamba tairi limesogea mbele kupita kiasi. Sasa limebakiza sentimita chache tu kuuachia mwanga, kwa hiyo unaondoka mapema bila kujua. Nyekundu, kwa sekunde 0.043. Bana breki kwa nguvu, na macho yako yahakikishe taa ndogo zote mbili zinawaka mpaka njano zianze kushuka.

Nunua daftari dogo. Andika saa, joto, upepo wa tairi, mafuta, na zile namba za kwenye karatasi, ukiwa bado umekaa kwenye usukani, kabla mtu hajakuita kwenye mishikaki.